Pima ya Ami

Kamera ya Ami imerudi kutoka kwa fundi ikiwa nzima kuliko nilivyopata kuijua. Binamu yangu aliipakata kutoka Uingereza mpaka Unguja, hakukubali ikae mbali na mikono yake. Nilipokunjua taulo alilolifungia nilinusa grisi mpya. Ile harufu niliyoizoea, ya ngozi kuukuu na kabati lisilofunguliwa, imekwenda. Nikatia shata kwenye sekunde moja, nikabonyeza. Ikalia kama nyuki aliyenaswa kwenye gilasi, ikakatika. Sekunde moja, haikuzidi wala haikupungua. Nikaiweka juu ya mkeka, nikalia kwa sauti mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia mlangoni.

Ami alifariki mwaka 2009. Siku ya maziko sikulia hivyo.

Alikuwa mdogo wake baba, na waliomjua hapa Mji Mkongwe walimwita mpiga picha wa kuta. Harusi, paspoti na picha za Idi aliwaachia wenye studio. Yeye alipiga ngazi, milango, madirisha, dari, na vyumba vitupu ambavyo wenyewe walishangaa anatafuta nini ndani yake. Kamera aliipata Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kwa msanifu majengo wa Kiswidi ambaye Ami alikuwa akimfanyia kazi katika chumba cha giza. Enzi zile Waswidi hawakuwa wageni Tanzania. Kituo cha elimu cha Kibaha chenyewe kilianza kwa msaada wa nchi za Nordiki. Mkataba wake ulipokwisha, yule bwana alifungasha vitabu na vinyago vyake vya Kimakonde, kamera akamwachia Ami. Kwao alikuwa na nyingine, alisema. Ami aliisimulia habari hii kwa maneno yaleyale kila mara, na kila mara alinyamaza kidogo mwishoni, kama mtu anayekumbuka deni lisilolipika.

Ni Hasselblad SWC, iliyotengenezwa Göteborg katika miaka ya 1960. Ukoo wake ulianza mwaka 1954, Victor Hasselblad alipotoa kamera iliyojengwa kwa ajili ya lenzi moja tu, Biogon ya milimita 38 ya Zeiss, iliyobuniwa na Mjerumani Ludwig Bertele. Kamera nyingine za kampuni hiyo zilikuwa na kioo ndani cha kumwonyesha mpiga picha kile lenzi inachokiona. Hii haina. Sehemu ya nyuma ya lenzi imezama ndani mpaka inakaribia kuigusa filamu, basi kioo kingekaa wapi? Unachungulia kwa kijidirisha kilichopachikwa juu, na ukingoni mwake unaona kiputo cha pimamaji kikielea. Kiputo kikikaa kati, kuta zinasimama. Kikienda upande hata kidogo, kuta zinaanguka. Hayo ni maneno yake. "Angalia kiputo, mwanangu, usije ukaziangusha nyumba za watu."

Lenzi hiyo inaona nyuzi 90 kutoka pembe hadi pembe, na mstari ulionyooka inauacha umenyooka. Penye barabara pana mtu anaweza kusema ni anasa. Hapa kwetu ilikuwa lazima. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiendi mbali: mita tatu hivi, mara nyingi chini ya hapo. Kwa hiyo upana wa chumba ndio urefu wa boriti. Tajiri aliyetaka ukumbi mkubwa aliurefusha. Kuupanua hakuweza, hata angenunua korija ngapi za boriti. Ukiingia na kamera ya kawaida ndani ya ukumbi wa namna hiyo, mgongo unafika kiambazani kabla chumba hakijaingia kwenye picha. Nje ni vivyo hivyo, vichochoro ambamo wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi mpaka pembeni kumpisha mwenzake. Bertele alipokuwa akikaa na karatasi zake akipindapinda miale ya mwanga, hakuwa na habari za boriti zetu. Mimi nikiishika lenzi yake naona kama vitu hivi viwili vilikuwa vikitafutana.

Kamera isiyokuonyesha kama picha ni kali inakutaka uukadirie umbali mwenyewe, kisha uuweke kwenye pete ya lenzi. Ami hakukadiria. Alipima, na alipima kwa mwili wake, kwa shibiri, kwa dhiraa, kwa pima. Alikuwa mtu mrefu. Akinyoosha mikono miwili, kutoka ncha ya kidole cha kati cha kulia mpaka ncha ya kile cha kushoto, amepata pima yake. Kwa pima hiyo alipiga mafundo kwenye kamba ya usumba, na kazi yangu tangu nina miaka saba ilikuwa kushika ncha ya kamba. Ninakwenda nayo mpaka ukuta wa mbali, ninaigandamiza kwa kidole gumba, naye anaita: "Pima tatu na dhiraa moja!" Mimi narudia. Anaandika katika daftari la mistari, ndipo anapozungusha pete.

Baada ya hapo natakiwa nitoke kwenye picha, ninyamaze. Vyumba vyetu vina kiza, na filamu ilitaka sekunde nane, kumi, siku nyingine ishirini. Ami alizihesabu kwa pingili za vidole kama mtu anayevuta uradi. Mara nyingi mwenye nyumba alipita katikati bila habari, na Ami hakumzuia. Picha ikisafishwa, mtu hayumo. Amepita ndani ya sekunde nane, filamu haikupata muda wa kumshika. Utotoni jambo hili lilinitia hofu. Nilikuwa nikitazama picha ya ukumbi nikijua kwamba bibi mmoja alipita hapahapa na sinia la kahawa, tena alinisemesha, na sakafu ni tupu.

Alipofariki tulirithi kamera, madaftari manne na mabati kumi na moja ya biskuti. Ndani ya mabati zilikuwemo filamu za zaidi ya miaka thelathini. Nilifungua la kwanza, harufu ya siki ikanipiga usoni. Filamu zile zilitengenezwa kwa asetati, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huoza ikatoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Asidi ikishatoka huongeza kasi ya kuoza, na bati lililofungwa barabara, ambalo sisi tuliliona ndilo salama, huizuia isipate pa kwenda. Tulikuwa tumezifungia pamoja na sumu yake. Zilikuwa zimejikunja, zimegandana, utando wa picha umebanduka kama ule unaokaa juu ya maziwa yaliyopoa. Nilikaa nazo siku arubaini, bati kwa bati, nikizitenganisha kwa maji na unyoya wa kuku. Nilizookoa ni picha thelathini na moja. Nyingine Ami alikuwa ameiazimisha ofisi moja kwa ajili ya maonyesho. Nilipokwenda kuziuliza hakuna aliyejua ziliko.

Ami alipenda sana habari za Hasselblad angani. Alikuwa kijana wakati Wamarekani walipokuwa na kituo chao cha kufuatilia vyombo vya anga pale Tunguu, kilichofungwa mwaka 1964, na tangu hapo aliendelea kuvifuata kwa redio. Alinisimulia jinsi Michael Collins, Julai 1966, alivyokuwa nje ya chombo cha Gemini 10, Hasselblad yake ikamponyoka ikaelea ikaenda zake. Na jinsi waliotua mwezini walivyopunguza uzito wa safari ya kurudi: makasha ya filamu waliyavua wakaondoka nayo, kamera wakaziacha kulekule. Hilo aliliona ni akili kubwa. "Kinachotakiwa ni kilichomo," alikuwa akisema, huku akiigonga kamera kwa ukucha. Mimi nimebaki na kinyume chake. Kilichomo kimekwenda, kamera ipo, tena sasa inang'aa.

Niliipeleka kwa fundi kwa sababu kuvu ilikuwa imeanza kuota ndani ya lenzi. Hewa ya pwani haina huruma na vioo. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zilikuwa zinatambaa kutoka ukingoni kuja kati, na ukiziachia hula mpaka tabaka la juu la kioo lenyewe. Grisi ya pete ilikuwa imekauka, na sponji zinazozuia mwanga kwenye kasha la filamu ukizigusa zinakuwa unga. Fundi aliifungua yote. Karatasi aliyoniandikia inasema ameosha shata, ametia grisi mpya, ameweka vizuia mwanga vipya, ameondoa kuvu, na limebaki doa dogo kwenye kioo cha nyuma ambalo halitaonekana kwenye picha. Mwishoni akaongeza sentensi moja: kamera ilipomfikia, sekunde moja ya shata ilikuwa ikichukua zaidi ya tatu.

Sentensi hiyo ilinirudisha kwenye madaftari. Ndani ya majalada yake Ami ameandika hesabu ambazo kwa miaka sikujua ni za nini. Mwaka 1984: 1 = 1. Mwaka 1991: 1 = 1½. Mwaka 1998: 1 = 2. Mwaka 2006: 1 = 2½, na chini yake kwa penseli, "inachoka". Kumbe alikuwa akiisikiliza. Fundi wa karibu hakuwepo na pesa ya kuituma ng'ambo haikuwepo, basi aliuhesabu ugonjwa wa kamera akauingiza katika kazi yake, akawa anarekebisha hesabu ya mwanga kidogo kidogo kadiri miaka ilivyokwenda, na picha zikatoka sawa. Ile sekunde ndefu, inayovuta mguu, ilikuwa ni yake. Alizeeka nayo. Miaka ya mwisho naye alikuwa akipanda ngazi na kupumzika kila zinapopinda, mkono ukutani, akijifanya anaitazama dari.

Fundi amefanya kazi nzuri sana, sina neno naye. Lakini madaftari manne sasa yanaeleza habari za kamera ambayo haipo. Nilipobonyeza pale mkekani nilikuwa naungojea ule mvuto wa mwisho, pale shata inapohema kabla ya kufunga. Haukuja.

Kuna jingine, na hili limenikaa zaidi. Pete ya lenzi ilikuwa na uchafu wa miaka. Sasa imesafishwa, alama zote zinasomeka, na kandokando ya namba za umbali kuna mizani inayoonyesha picha itakuwa kali kuanzia wapi hadi wapi kwa kila tundu. Nikakaa nikaisoma. Lenzi fupi kama hii, ukibana tundu mpaka 16 na kuweka umbali wa mita moja na nusu, kila kitu kuanzia chini ya mita moja hadi macho yanapoishia kitakuwa kikali. Ami alipiga karibu picha zake zote za ndani kwa 16, madaftari yanasema. Hakuwa na haja ya kupima. Angeiweka pete mahali pamoja na asiiguse miaka thelathini.

Na alijua. Mtu anayeisikia nusu sekunde kwa sikio hawezi kushindwa kusoma mizani iliyo mbele ya pua yake. Basi kamba ile ilikuwa ya nini?

Mama anasema ilikuwa ya kwangu. Baba alifariki nikiwa na miaka sita, nikawa mtoto wa kukaa chini ya meza, sisemi na mtu. Ami akanichukua katika mizunguko yake na kunipa kamba nishike. Mama hana shaka kabisa, na mimi nikikumbuka nilivyokuwa nikiita "pima tatu na dhiraa moja" katika nyumba za watu, sauti ikigonga dari ikarudi, namwamini. Ila hata baada ya mimi kukua, kuolewa na kuhamia Bara miaka mitatu, aliendelea kupima. Alifunga ncha ya kamba kwenye kitasa au kwenye mguu wa kitanda. Nimeyapekua madaftari nikitafuta neno lake mwenyewe na hakuna sentensi hata moja ya kueleza. Kuna vipimo tu, urefu, upana, kimo cha mlango, idadi ya zidaka, idadi ya boriti. Picha peke yake haisemi ukubwa, na lenzi pana inaukuza: chumba chembamba kinaonekana kama uwanja, na kilicho ukingoni kinavutika kama unga wa chapati. Ami aliijua tabia hiyo ya lenzi yake. Nadhani hakutaka atakayeziona picha baadaye adanganyike kuhusu nyumba hizi.

Mwaka 2005 tulikwenda pamoja Beit-el-Ajaib, wakati ule ikiwa makumbusho. Ni jumba la Sultan Barghash, la mwaka 1883, lililosalimika na mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Katikati ya ukumbi wake mkubwa palikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, kilichoundwa upya kwa ajili ya makumbusho. Nilikuwa mtu mzima, na bado nilishika kamba. Tuliupima mtepe. Tuliipima milango. Ami akataka kupima kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, kamba ikaisha njiani, akacheka mpaka mlinzi akaja. Tukaweka alama ya chaki sakafuni, tukaanza upya kutoka pale, na tena, mpaka tukafika. Aliandika, akapanga kamera, akatazama kiputo muda mrefu sana.

Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Ijumaa, jumba likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya upande wa mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Nilifika Forodhani, mbele ya jumba, jioni, watu wamesimama bila kusema, na mimi nilichokuwa nikikiona ni kiputo cha pimamaji. Filamu ya siku ile tuliyokwenda pamoja ilikuwa katika bati la saba. Haikupona. Vipimo ninavyo, kurasa mbili na nusu.

Kamba yenyewe ilipotea siku za msiba. Mtu aliitumia kufungia magodoro ya wageni, haikuonekana tena. Nilijaribu kupima kwa mikono yangu, lakini mikono yangu ni mifupi. Nikihesabu pima zake tatu, siufikii ukuta. Mwishowe nilichukua futikamba nikapima ukumbi wetu, ambao daftari linasema ni pima nne. Nikapata mita 7 na sentimita 36. Nikagawanya kwa nne. Pima ya Ami ilikuwa sentimita 184, na kwa namba hiyo sasa naweza kuzisoma nyumba zake zote.

Katika picha thelathini na moja zilizopona, thelathini nimeshazijua ni za wapi. Nimezunguka nazo Kiponda, Malindi, Shangani, Mkunazini, nikabisha hodi, nikapokewa, nikapewa chai. Vyumba kumi na vinne kati ya hivyo vimeshavunjwa au vimeanguka. Moja imenishinda. Ni ya daftari la kwanza, na ukingoni mwa picha, upande wa kushoto, kuna mtoto aliyedhani ametoka kwenye picha. Lenzi imemdaka. Mkono wake umevutika, uso ni ukungu mtupu kwa kuwa aligeuka wakati Ami akihesabu. Ni mimi, gauni nalijua. Nilikuwemo ndani ya chumba hicho, nilishika ncha ya kamba kwenye ukuta wake, na sikikumbuki hata kidogo. Ami hakuandika mtaa wala jina la mwenyewe. Aliandika: "Ukumbi wa juu. Pima 3 dhiraa 1, kwa pima 1 dhiraa 2."

Ni mita 5.98 kwa mita 2.76. Zidaka ni tisa, safu tatu za tatutatu, na kile cha katikati kina ufa uliozibwa kwa chokaa iliyo nyeupe kuliko ukuta. Dirisha ni moja, nje yake linaonekana tawi la mkungu. Boriti ni kumi na tisa, na ya nne kutoka mlangoni imepinda. Kama umepata kulala ndani ya chumba hicho, au bibi yako alilala humo, nakuomba unitafute uniambie ni nyumba gani, na kama bado imesimama.